Mbwa Aliyenyimwa Fufu

Wifi yangu anaitwa Généreuse, yaani mkarimu, na jina hilo alipewa kabla hajajulikana. Kwa mambo ya kawaida ana mkono wazi: atakupa chumvi, makaa, hata kitenge chake kipya uende nacho harusini. Lakini ukimkosea, ukarimu unaishia hapo. Mimi ni mke wa kaka yake, tunaishi parcelle moja, uwanja mmoja, hapa mtaa wa Mabanga, na sijawahi kumwona akisamehe kitu. Wala simlaumu. Hasira zangu mimi ni za karibu, zinawaka na kuzimika kabla sufuria haijachemka. Zake zinawekwa akiba.

Kazi yake ni kuuza matumbo ya ng'ombe sokoni. Anaamka mapema, anayaosha kwa maji ya ziwa, anayafunga mafungu, anaondoka. Watu wanampenda kwa sababu hachanganyi ya jana na ya leo. Ukipita pale utamwona mama mnene, mpole, anacheka na wateja, na hutajua kwamba ndani yake kuna jambo limekaa tangu mwaka ule wa volkano.

Jambo lenyewe ni hili. Mwezi wa tano, 2021, mlima Nyiragongo ulipasuka, moto ukashuka Kibati na Munigi ukitafuta mji, kisha ukasimama. Tulidhani yamekwisha. Ardhi ikaendelea kutetemeka, kuta zikapasuka, na asubuhi moja redio ikasema mji utoke. Watu wakatoka wote kwa mara moja. Mume wangu alikuwa Bukavu. Mimi nilikuwa na watoto, mmoja mgongoni, na Généreuse alikuwa na mama yao, Koko Nsimire, mama mkwe wangu, ambaye magoti yake yalikuwa yamevimba hata kwenda chooni alikuwa anashikwa.

Ng'ambo ya ukuta wetu wa mawe meusi anakaa Bahizire, mwenye depo ya mbao. Ni mtu wa kwetu, wa upande wa Bukavu, tunasali naye shirika moja la kanisa. Koko alimwita mwanangu, na yeye alimwita Koko mama, wakiongea Kishi, lugha ya kwetu, juu ya ukuta, na kila Koko alipopika maharage ya kwetu sahani moja ilivuka upande wa pili. Bahizire alikuwa na pikapu. Généreuse akamshika mama yake, wakaenda taratibu mpaka mlangoni pa pikapu ile, na nyuma yake kulikuwa na fotei. Seti nzima ya viti vya salon, imetoka Kampala, bado iko ndani ya plastiki.

Bahizire aliangalia zile fotei, kisha akamwangalia Koko.

"Mama," akasema, "gari ilishajaa."

Généreuse hakuamini. Alidhani mtu huyu atasikia aibu mwenyewe, atashusha kiti kimoja. Koko ndiye aliyejibu. "Siyo kitu, mwanangu. Tutatembea."

Tukatembea njia ya Sake katikati ya watu wengi na magodoro yao. Pikapu ilitupita tukiwa bado hatujafika mbali, fotei moja imefungwa juu ya nyingine, plastiki inapigwa na upepo. Koko aliinua mkono akaisalimu. Huo mkono sitausahau mpaka nife, na nikiufikiria natamani kuvunja kitu. Tulipofika Sake tulilala darasani, juu ya saruji, na baada ya siku chache Koko hakuamka. Tulimzika huko huko, kwenye udongo wa watu wengine.

Mji ulipofunguliwa tukarudi, tukakaa matanga. Bahizire alikuja na kreti ya soda. Aliketi, akazungumza juu ya gesi ya ziwa, akasema Mungu ndiye anayepanga, akala, akaenda. Mimi ningemmwagia mchuzi. Généreuse alimpa hata maji ya kunawa mikono. Alipoondoka, wifi yangu akaniambia, "Miye nataka kitu moja tu. Siku moja akimbie kwa miguu, batu bakimuona, na asipate mutu wa kumubeba. Basi."

Padri alimwambia asamehe. Akajibu kwamba atasamehe akimaliza.

Alianza na mbwa. Alipanda Kibati kwa mfugaji mmoja, Viateur, ambaye mbwa wake alikuwa amezaa, akachagua mtoto wa rangi ya kahawia aliyekuwa anawangurumia ndugu zake juu ya mfupa. Wengine walimkimbilia Généreuse wakimlamba vidole. Huyu hakusogea. Akasema ndiye.

Huku kwetu mbwa anapewa jina ambalo jirani anatakiwa kulisikia. Kwenye avenue yetu kuna mbwa anaitwa Mutachoka, kuna mwingine anaitwa Wivu ya Nini, na kila mtu anajua limeelekezwa nyumba gani. Généreuse alimwita mbwa wake Sijasahau. Kila asubuhi, kabla ya kwenda sokoni, alisimama karibu na ukuta wa Bahizire akaita kwa sauti ya wazi, kwa utulivu, mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Upande wa pili tulisikia mlango ukifungwa.

Basi mbwa alipokuwa bado mdogo ikaja chanjo ya kichaa cha mbwa, kwenye uwanja wa kapela, kanisa letu dogo. Mganga wa mifugo alikuwa kijana anaitwa Evariste, na huyo ukimuuliza kitu kimoja anakupa vitano. Généreuse akamuuliza imbwa yenye ukali kabisa inatoka wapi. Evariste akaacha hata sindano.

"Mama, zamani sana, mbele batu balime, imbwa haikuwako. Kulikuwa loup tu, imbwa mwitu, kule ku inchi za baridi. Loup zenye hazikuogopa batu sana zilikuwa zinakuja karibu na kambi, zinaokota mifupa. Zenye woga zilibaki mu pori. Zile za karibu zikazaa, batoto yazo bakazaa, mpaka zikageuka imbwa. Ni wapi kabisa ilianzia, basavant, benye kusoma sana, bangali banabishana."

"Kwa hiyo hii iko loup," Généreuse akasema.

"Ilitokea ku loup. Lakini kuko mambo yalibadirika mu damu. Mufano fufu, ile ugali yetu. Gène, ile alama ya kurizi mu damu, ya kusaga fufu, loup iko nayo kopi mbili tu, moja ya baba, moja ya mama. Batu balipoanza kulima, imbwa ikakaa inakula mabaki yabo, na ile yenye ilisaga muzuri ndiyo ilizaa mingi. Leo imbwa zingine ziko na kopi hata vingt, makumi mawili. Ni juu ya ile inakula fufu na inanenepa."

Watu nyuma yetu walikuwa wanalalamika, mbwa wanapigana. Wifi yangu alimshukuru, akamfunga mbwa wake kamba, tukaondoka. Tulipofika nyumbani alisimama katikati ya uwanja akasema, "Umesikia. Ni fufu ndiyo iliiharibu."

Nikamwambia sidhani kama ndivyo alivyosema.

"Ndivyo alisema. Ilikuwa loup, bakaipa fufu, ikakuwa imbwa. Miye nitaiondolea fufu. Loup itarudi yenyewe."

Sikubishana. Kusema kweli nilipenda. Nilimwona Bahizire akipanda mti wa avoka na suruali imechanika, nikaona ni jambo la kheri. Kuanzia siku hiyo mbwa yule hakupewa fufu, wala mkate, wala kiazi. Alikula mapafu mabichi na matumbo yaliyobaki sokoni, watoto wangu wakimwangalia kwa wivu. Hakuna mtu aliyeruhusiwa kumgusa kichwa. Hata Généreuse mwenyewe alimpa chakula kwa kijiti ili asizoee mkono, ingawa mara moja nilimkuta amechuchumaa mbele yake, mikono amejifunga kifuani, wanaangaliana tu. Aliponiona aliondoka haraka.

Kisha akaleta shati. Siku ya upepo shati ya Bahizire iliruka kutoka kwenye kamba yake ikaanguka kwetu, na wifi yangu akasema Mungu hatupi mtu. Hakuifua. Akaijaza majani makavu, akaining'iniza kwenye mti, akamfundisha mbwa kuirukia akisikia neno moja. Kila mbwa alipoirarua, alipewa pafu. Shati ilipokwisha, suruali nayo iliruka, na siku hiyo sikumbuki upepo. Mbwa akawa fundi. Ukimwonyesha nguo ya Bahizire tu, masikio yanasimama, mate yanatoka, anatetemeka mwili mzima. Nilimsifu wifi yangu. Haikutupitia akilini kwamba tulikuwa tunamfundisha kitu kimoja tu: kwamba harufu ya mtu yule ni harufu ya chakula.

Kulikuwa na dalili nyingine. Sufuria zangu za fufu nilizokuwa naziloweka nje zilikuwa zinaamka safi, zinang'aa. Nikajua ni nani. Nikamwambia Généreuse, akasema ni panya. Panya gani anayelamba sufuria mpaka chini na kuirudisha imesimama?

Mwaka uliofuata Evariste alirudi na sindano zake. Sijasahau alikuwa amekua, kifua kipana, na sisi tulimpeleka kwa minyororo tukiwaonya watu wakae mbali. Evariste akapiga goti. Mbwa akamnusa, akamlamba sikio, akageuza ubavu ili akunwe.

"Hii iko imbwa kabisa," kijana akasema, anacheka.

Généreuse alivuta mnyororo, akaniachia karatasi ya chanjo, akaondoka na mbwa wake. Mimi nilibaki. Nilimweleza Evariste habari ya fufu, si ya Bahizire, na alicheka mpaka akaona siyo vizuri kucheka.

"Mama, chakula ya leo haigeuze damu. Ile ilifanyika kwa maelfu ya miaka, mu vizazi na vizazi. Na tena kuko pahali pengine mu gène zake, penye imbwa inapita loup kwa kupenda batu. Hata mugeni. Ukilea loup ku nyumba tangu mutoto, itabakia loup. Na imbwa, hata uinyime kila kitu, itabakia imbwa. Inaweza kuluma, ndiyo, ikiogopa, ao ikifundishwa vibaya. Lakini roho yake inatafuta mutu."

Nilimfikishia Généreuse maneno yote. Alikuwa anaosha matumbo, hakuinua kichwa. "Hiyo ni imbwa za Bazungu anazungumuza. Hii ilitoka Kibati."

Siku aliyoichagua ilikuwa ya mahari. Bénita, binti wa Bahizire, alikuwa anaolewa na kijana wa Walungu, huko huko upande wa Bukavu, na wakwe walikuja jumamosi mchana na mashati yaliyopigwa pasi. Bahizire alisafisha uwanja, akafunga maturubai, na ili wakwe waone wamefika kwa nani, akatoa fotei nje. Zile zile. Plastiki ilikuwa imetolewa, na kumbe rangi yake ilikuwa nyekundu. Tuliziona kupitia tundu la ukuta. Wifi yangu aliziangalia kwa muda mrefu, midomo imebana.

"Leo," akasema.

Alisubiri mpaka chakula kilipoanza kuletwa na watu wote walipokuwa wameketi. Mkubwa wa wakwe, Muzee Mushagalusa, aliketi kwenye fotei ya katikati, fimbo yake kati ya magoti. Bahizire alikuwa pembeni yake kwenye fotei ndefu, amevaa koti. Généreuse akampitisha mbwa kwenye geti letu, akaingia geti lao lililokuwa wazi kwa wageni, akafungua mnyororo. Mimi nilikuwa nyuma yake. Akasema neno lile alilomfundisha kwenye shati.

Mbwa alikwenda. Alikwenda vizuri, kwa kweli, tumbo chini, bila kubweka, na wanawake wakapiga kelele, sahani zikaanguka, mjomba mmoja akapanda juu ya meza. Bahizire alinyanyuka nusu. Alimwona ni mbwa gani, akaniona mimi, akamwona Généreuse, na niliona usoni mwake kwamba alielewa kila kitu. Akaanguka tena kwenye fotei. Nilisema moyoni, sasa.

Sijasahau alimfikia, akaingiza pua kwenye koti, akavuta harufu ile kwa nguvu, harufu aliyokula nayo nyama maisha yake yote. Mkia ukaanza kwenda. Akalia kidogo, sauti ya furaha, akajitupa chini mbele ya viatu vya Bahizire, akageuza tumbo juu, miguu minne hewani.

Kisha mtu mmoja akacheka, na wote wakacheka kwa kuwa walikuwa wameogopa. Bahizire akamega tonge la fufu kwenye sahani yake, akalishusha. Mbwa akalimeza. Akapewa lingine. Baada ya hapo akapanda kwenye fotei ndefu, akazunguka mara mbili, akajilaza ubavuni mwa Bahizire, kichwa kwenye paja lake.

Nitasema nilivyohisi. Nilitaka kumuua mbwa yule. Amelala kwenye nafasi ambayo Koko Nsimire alinyimwa, na ilikuwa nafasi ya kutosha, ingemtosha Koko na fimbo yake. Nilimwangalia Généreuse. Mnyororo mtupu ulikuwa unaning'inia mkononi mwake. Miaka yote ile ya mapafu mabichi, na mtu yule ameketi, hajakimbia hata hatua.

Muzee Mushagalusa alikuwa bado anajipangusa machozi ya kicheko. Ni mtu wa adabu, akataka kumtoa mama wa watu kwenye aibu. "Mama, imbwa yako ni muzuri. Jina yake nani?"

"Sijasahau," Généreuse akajibu.

Kicheko kikapungua. Wakwe wa Walungu wanajua pia namna mbwa wanavyoitwa.

"Haujasahau nini?"

Bahizire akasema, "Muzee, tuendelee na kazi yetu," lakini mzee alikuwa ameshageuza kichwa, anasubiri. Na wifi yangu, ambaye hakuwa amepanga neno hata moja, akasema. Hakupaza sauti. Alisema kwa Kishi, ili wakwe wasikose kitu, na nitaweka hapa jinsi nilivyoelewa, maana baadhi ya maneno yalikuwa ya mama yake. Alisema fotei hizi anazifahamu. Alisema siku mji ulipokimbia zilipanda pikapu, na mama yake mwenye magoti mabaya akaambiwa gari imejaa. Alisema mama yake alizisalimu zilipompita njiani. Alisema kaburi liko Sake, na kwamba mpaka leo hakuna mtu aliyemwambia pole kwa jambo hilo, ila soda.

Muzee Mushagalusa alishika fimbo yake. Ilimchukua muda kusimama, kwa sababu yeye pia magoti yake hayakuwa mazima, na hakuna aliyethubutu kumsaidia. Aliposimama aliiangalia fotei aliyokuwa ameikalia, akasogea pembeni mpaka kwenye jiwe moja kubwa la volkano karibu na ukuta, akakaa pale. Mkwe wa pili akanyanyuka. Shangazi za bwana harusi wakanyanyuka, wakishika sahani zao. Mwishowe hata watu wa Bahizire mwenyewe walinyanyuka, mke wake akiwa wa mwisho kunyanyuka, akijifanya anakwenda kuangalia sufuria.

Mahari ilizungumzwa, maana watoto wale hawana kosa. Lakini chakula kililiwa watu wamesimama. Kwenye fotei nyekundu walibaki wawili tu, Bahizire na mbwa, na mbwa peke yake ndiye aliyekuwa amestarehe.

Kesho yake asubuhi Bahizire alimleta kwa kamba mpaka getini kwetu. Alifungua mdomo kama anayetaka kusema kitu kingine, akasema tu, "Imbwa yenu." Généreuse akapokea kamba. Jioni mbwa alikuwa ameshapita chini ya geti amerudi kule, kwa fufu. Wakamrudisha, akarudi tena. Wifi yangu aliacha kumfunga. Sikuelewa kwa nini, mpaka niliposikia upande wa pili wanajaribu kumpa jina jingine. Mke wa Bahizire alimwita Simba. Watoto walimwita Bobi. Mbwa hakugeuza hata sikio. Anajua jina moja.

Na Bahizire anampenda, hilo ndilo la ajabu. Wageni hawaji sana siku hizi, na fotei zimerudi ndani. Jioni anatoka uwanjani na sahani ya fufu, peke yake. Anaanza kwa kupiga mluzi. Mbwa haji, kwa sababu wakati huo yuko kwetu, ameketi chini ya ukuta, na Généreuse amekaa kwenye kibao chake pembeni, mkono juu ya shingo ya mbwa. Siku hizi anamgusa. Anamkuna nyuma ya masikio kwa vidole vyenye harufu ya soko, na mbwa anafumba macho.

"Sijasahau," jirani anaita kwa sauti ndogo, sauti ya mtu anayetumaini hakuna anayemsikia.

Mbwa anataka kuinuka. Mkono wa wifi yangu unamshika. Tunasubiri, mimi na kisu changu na maboga, yeye na mbwa wake.

"Sijasahau!" Bahizire anaita tena, na safari hii avenue nzima inasikia.

Hapo ndipo anamwachia.